Kikohozi cha mlimani: si kila kikohozi ni mafua ya baridi



 Ndugu msomaji, katika safu yetu hii ya afya na usafi leo nataka tuzungumze juu ya jambo dogo ambalo watu wa milimani tumelizoea mno, nalo ni kikohozi.

Anayeijua Lushoto anaijua miezi ya Juni, Julai na Agosti. Ukungu hushuka kutoka msitu wa Magamba hadi barabarani, na maji ya kutawadhia huuma vidole kama barafu. Msikitini, wakati wa Swala ya Alfajiri, kabla imamu hajatoa takbira, mtu wa safu ya mbele atakohoa, wa nyuma atamjibu, na wa pembeni atapiga chafya tatu mfululizo. Hakuna anayeshtuka. Tukiulizana nje, jibu ni moja: "Ni baridi tu, itapita." Na mara nyingi, Alhamdulillah, hupita kweli.

Lakini ndugu zangu, kuna mwaka haikupita. Nataka niseme wazi kile ninachoamini baada ya kuyaona yaliyotokea katika milima yetu: tulipoteza watu si kwa sababu hatukuwa na dawa tu, bali kwa sababu hatukujua kuhesabu siku. Kikohozi cha siku ya kwanza tulikipeleka sokoni na msikitini wakati kilitakiwa kubaki nyumbani, na pumzi ya siku ya saba tuliibakiza nyumbani wakati ilitakiwa kukimbizwa hospitali. Tulifanya kinyume kila mahali.

Siku saba za mzee wetu

Mwezi Februari 2021, baba yangu mkubwa, mzee wa zaidi ya miaka sabini, aliugua nyumbani kwake katika kijiji kimoja cha juu ya Soni. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Siku chache kabla, mwanawe anayepeleka kabichi na karoti Dar es Salaam alirudi nyumbani akiwa na mafua kidogo na uchovu, tukasema ni vumbi la safari. Alilala usiku mbili, akala chakula na wazee wake, akarudi zake mjini.

Mzee alianza kwa homa ndogo na kikohozi kikavu. Alilalamika kwamba ugali hauna ladha, na mama akakasirika kidogo akidhani anakilaumu chakula. Siku ya tatu alisikia nafuu, akateremka hadi msikitini. Nilipopigiwa simu, mimi mwenyewe ambaye naandika makala za afya, nilisema, "Ni baridi, mpeni chai ya tangawizi na blanketi zito." Maneno hayo nayakumbuka mpaka leo.

Majirani walikuja kumjulia hali, kama ilivyo desturi na kama dini inavyotuhimiza. Chumba ni kidogo, dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi, jiko la mkaa mlangoni, na watu kumi na zaidi wamekaa mkekani wakimsomea. Siku ya saba pumzi ilianza kuwa fupi. Hakuwa akilalamika sana, ila alikuwa akikata sentensi katikati ili avute hewa, na kutoka kitandani hadi chooni alikuwa anapumzika mara mbili. Tulingoja "apate nguvu kidogo" ndipo apelekwe. Siku ya tisa usiku midomo yake ilibadilika rangi. Gari lilipatikana alfajiri, na mzee alikata roho kabla hatujafika hospitali. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun.

Hakupimwa, hivyo sitadai kwamba kilichomuua ni kirusi cha korona. Kwenye maziko ilisemwa kuwa ni kichomi. Lakini tangu siku ile nimesoma sana juu ya namna ugonjwa ule unavyoanza na unavyoendelea, na kila ninaposoma naona siku saba za mzee wetu. Ndiyo maana naandika, ili mwingine asirudie ushauri wangu wa simu.

Ugonjwa ulivyopanda milima

Tukumbushane ulivyoanza. Mwishoni mwa Desemba 2019, katika mji wa Wuhan nchini China, madaktari waliona wagonjwa wenye nimonia isiyoeleweka, wengi wao wakiwa na uhusiano na soko moja la samaki na wanyama. Tarehe 31 Desemba taarifa ililifikia Shirika la Afya Duniani. Siku chache baadaye kirusi kikatambuliwa, na tarehe 30 Januari 2020 dunia ikatangaziwa hali ya dharura. Tarehe 27 Februari Saudi Arabia ilisimamisha safari za Umra kwa wageni, na Hija ya mwaka ule ilifanywa na watu wachache tu waliokuwa tayari ndani ya nchi ile. Wengi wetu ndipo tulipoelewa kuwa jambo hili si la Wachina peke yao.

Hapa kwetu, aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 16 Machi 2020. Alikuwa ni msafiri Mtanzania aliyetoka Ulaya na kutua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro siku moja kabla. Zingatia jambo hili: alipokaguliwa uwanjani hakuonekana kuwa na homa. Hali ilibadilika baadaye akiwa Arusha, akaenda mwenyewe hospitali. Tarehe 17 Machi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko kama mikutano ya siasa na michezo, ingawa nyumba za ibada hazikufungwa. Tarehe 18 Machi walitangazwa wagonjwa wengine wawili, mmoja Dar es Salaam na mwingine Zanzibar. Kifo cha kwanza kilitangazwa tarehe 31 Machi. Kufikia tarehe 29 Aprili idadi ilikuwa 480. Yaani kutoka mtu mmoja hadi watu 480 katika wiki sita tu, na hao ni wale waliopimwa.

Ugonjwa wa namna hii hauna miguu wala mbawa. Unasafiri ndani ya kifua cha mtu, na unafuata barabara anayoifuata mtu. Mnamo 1918 mafua makali yaliyoenea dunia nzima yaliingia Afrika Mashariki kupitia bandari kama Mombasa, yakafuata reli, askari na wapagazi hadi bara. Mwaka 2009 yale yaliyoitwa mafua ya nguruwe yalikuja kwa ndege. Sasa tuitazame Lushoto yetu. Kila siku malori ya mboga, viazi na matunda hushuka kutoka Lukozi, Malindi na Mlalo kwenda masoko ya Dar es Salaam na Tanga, na hurudi na watu. Mabasi hupanda kutoka Mombo kupitia Soni, abiria wamebanana na vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi na mvua. Siku za Idi, vijana wetu walioko mijini hurudi wote kwa pamoja kuwaona wazee. Hayo ni mambo mema na ndiyo riziki yetu. Lakini anayesema kwamba milima inatukinga hajawahi kukaa stendi ya Soni asubuhi.

Ugonjwa unaojificha

Sasa tuje kwenye dalili, kwani hapa ndipo penye somo kubwa. Mtu akishaambukizwa kirusi cha korona, kile kilichoenea mwaka 2020, kwa kawaida alikaa kama siku tano bila kuhisi chochote, na wengine walifika hadi siku kumi na nne. Ubaya ni kwamba alianza kuwaambukiza wenzake siku moja au mbili kabla hajakohoa hata mara moja. Hii ndiyo sababu kipimo cha joto mlangoni hakikutosha kuuzuia. Mtu mwenye afya njema machoni alikuwa ameubeba tayari.

Kisha huja homa, kikohozi kikavu na uchovu mkubwa. Wengine huumwa kichwa, koo na viungo, wengine huharisha. Dalili moja iliyowashangaza wengi ni kupotewa na harufu na ladha ghafla, hata pale pua isipoziba. Mzee anayesema "ugali hauna ladha" huenda halaumu mpishi hata kidogo.

Mwezi Februari 2020 wataalamu wa China walitoa uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 44,000 waliothibitishwa. Wagonjwa 81 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa mwepesi, 14 walizidiwa, na watano walikuwa mahututi. Kwa jumla walifariki kama wawili katika kila mia, lakini kwa wenye miaka 80 na zaidi walifariki karibu 15 katika kila mia. Wenye kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo walikuwa hatarini kuliko wengine. Takwimu hizi zina pande mbili. Upande mmoja zinatuliza: wengi hupona. Upande wa pili ndio uliotudanganya: kwa kuwa kijana amepona kwa chai ya tangawizi, anadhani babu yake naye atapona hivyo hivyo.

Kwa wale waliozidiwa, hali haikuharibika siku ya kwanza. Mara nyingi iliharibika kuanzia siku ya saba hadi ya kumi, wakati ambapo familia imeshapumua na kusema "anaendelea vizuri". Mapafu huvimba na kujaa majimaji, hewa safi haipiti kwenda kwenye damu. Aidha, madaktari walikuta jambo la ajabu: wapo waliokuwa na upungufu mkubwa wa oksijeni na bado wakiongea na simu na kusema hawajambo. Kwa hiyo usimuulize mgonjwa tu "unajisikiaje?" Mtazame kifua na uhesabu pumzi zake.

Chumba kilichofungwa

Mwanzoni tuliambiwa zaidi juu ya mikono na vitu vinavyoguswa. Tukaweka ndoo za maji na sabuni kila mlango, na jambo hilo ni jema, kwani linakinga pia kuhara na kipindupindu. Lakini baadaye ilidhihirika kwamba njia kubwa ya kirusi hiki ni hewa tunayovuta pamoja. Tarehe 10 Machi 2020 huko jimbo la Washington nchini Marekani, watu 61 walikutana kwa mazoezi ya kwaya kwa saa mbili na nusu, mmoja wao akiwa na dalili kama za mafua. Kati ya hao 61, watu 53 walithibitika au kukadiriwa kuwa waliugua, na wawili walifariki. Walikuwa wamekaa katika ukumbi, wakiimba kwa sauti.

Tufikirie basi mikusanyiko yetu ya ndani: dhikri, maulidi, kisomo cha hitima, darasa la chuoni, au chumba cha mgonjwa kilichojaa majirani. Sauti inapopandishwa, pumzi hutoka nyingi na mbali. Dirisha likifungwa, hewa ya mmoja inakuwa hewa ya wote. Sisemi tuache mambo hayo. Nasema dirisha lifunguliwe, hata kwa baridi ya Julai, na anayekohoa asiwemo.

Jina lililoogopwa

Kuna jambo jingine ambalo lazima tuliseme bila kumvunjia mtu heshima. Takwimu za taifa zilisimama mwanzoni mwa Mei 2020, zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka mmoja hatukupewa nyingine. Mwanzoni mwa 2021 tukazoea kusikia katika matangazo ya misiba maneno "changamoto ya kupumua". Kijijini tulisema kichomi, pumu, baridi, au uzee. Jina lenyewe likawa kama tusi. Familia yenye mgonjwa ilificha, kwa kuogopa kutengwa na kuogopa mzee wao azikwe bila ndugu.

Matokeo yake ni nini? Asiyetaja jina la ugonjwa hamwambii jirani abaki kwake. Hamwambii dereva wa gari avae barakoa. Hamweki mgonjwa chumba cha peke yake. Nakumbuka kwa heshima jinsi chama cha Maalim Seif Sharif Hamad kilivyotangaza waziwazi kwamba yeye na mkewe wameambukizwa, siku chache kabla hajafariki tarehe 17 Februari 2021. Tangazo lile halikumpunguzia hadhi. Liliwafanya watu wengi, nami nikiwamo, wavute barakoa zao juu ya pua kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Baadaye, tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe mbele ya watu, na mazungumzo yakarudi kuwa ya wazi. Ukweli ulipotajwa, nchi haikuanguka.

Lushoto iliwahi kuyajua haya

Jambo linalonisikitisha ni kwamba sisi watu wa Lushoto hatukuwa wageni wa maradhi ya mlipuko. Kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilaya yetu ilisumbuliwa na tauni mara kwa mara. Maelfu waliugua na mamia walikufa. Tauni ni tofauti na korona: yenyewe huletwa na bakteria, hubebwa na viroboto wa panya, na ina dawa inayoponya ikiwahiwa. Hata hivyo kuna aina ya tauni inayoshika mapafu na kuenea kwa kukohoa, na hiyo huua upesi.

Wazee wa vijiji vya Usambara walijifunza. Panya wakifa ovyo nyumbani, ilikuwa ni habari ya kupelekwa serikalini. Mtoto akipata homa na mtoki, hakungojwa "aone kesho". Alibebwa usiku kwenda zahanati, kwa sababu kila mama alijua kwamba siku moja inatosha kumpoteza. Nyumba zilipuliziwa dawa, na waliomgusa mgonjwa walipewa dawa za kinga. Haikuwa rahisi, na wapo waliokimbilia kwa waganga kwanza. Lakini elimu ya dalili za mapema ilifika hadi jikoni. Swali langu ni hili: kwa nini elimu ya mtoki ilifika jikoni, na elimu ya pumzi haijafika?

Dini yetu inasemaje

Wapo waliosema kuwa kujikinga ni upungufu wa imani. Ndugu msomaji, Mtume (saw) alitufundisha kwamba tukisikia tauni imeingia nchi fulani tusiende huko, na ikitukuta tulipo tusitoke kwa kuikimbia. Huo ndio msingi wa karantini, miaka zaidi ya 1,400 iliyopita. Sayyidna Umar (ra), mwaka wa 18 Hijria, alikuwa njiani kwenda Sham na jeshi lake. Alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni. Alishauriana na watu, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda (ra) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, jibu lake lilikuwa kwamba wanatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari yake nyingine. Tuna hoja gani zaidi ya hiyo?

Aidha, tunajua kwamba aliyekula kitunguu saumu kibichi ameelekezwa kujitenga na msikiti, ili harufu yake isiwaudhi wanaoswali. Ikiwa harufu tu inahesabiwa, vipi kikohozi kinachoweza kumuua mzee wa safu ya mbele? Na Mtume (saw) alikuwa akipiga chafya hufunika uso wake kwa mkono au nguo. Hizi ni adabu tulizozisoma chuoni tukiwa wadogo. Tulizisahau tulipozihitaji.

Tufanye nini

Kirusi cha korona hakijaondoka duniani. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, lakini kirusi kinaendelea kuzunguka kama yanavyozunguka mafua mengine, na wengi wetu sasa tuna kinga kiasi kwa kuugua au kuchanjwa. Maradhi mengine ya kifua yatakuja pia, kwa jina hili au jingine. Hivyo basi kanuni hizi ziwe za kila msimu wa baridi, bila kungoja tangazo.

Kwanza, siku ya kwanza ya homa na kikohozi, kaa nyumbani. Swali nyumbani. Usiende kumwona bibi, usiende mazikoni, usipande gari la mboga. Ukilazimika kutoka, funika pua na mdomo kwa barakoa.

Pili, mgonjwa awe na chumba chake kama kipo, dirisha wazi, na ahudumiwe na mtu mmoja mwenye afya, asiye mzee. Jiko la mkaa lisiwekwe ndani ya chumba, kwani moshi na hewa yake ya sumu humzidishia dhiki na huweza kuua. Majirani wamjulie hali kwa simu, au wasimame uani wamuombee dua dirishani. Thawabu za kumzuru mgonjwa hazipungui kwa kumlinda yeye na wengine.

Tatu, hesabuni siku tangu alipoanza kuugua, muandike ukutani ikibidi. Msilegee siku ya tano hadi ya kumi na mbili hata akionekana ana nafuu.

Nne, hesabuni pumzi. Mgonjwa akiwa ametulia, tazama kifua kinavyopanda kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Mtu mzima anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika yuko hatarini. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, mara 40 na zaidi ni nyingi. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, mara 50 na zaidi. Mchanga wa chini ya miezi miwili, mara 60 na zaidi. Penye kile kipimo kidogo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, chini ya 94 nenda hospitali, na chini ya 90 ni dharura.

Tano, zifuatazo ni dalili za kutolala nazo: kushindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, kubanwa kifua, midomo au kucha kuwa za buluu, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida, na mtoto kushindwa kunyonya au mbavu zake kubonyea anapovuta hewa. Ukiona mojawapo, usingoje asubuhi.

Dawa zisizo dawa

Lazima niseme pia juu ya kujifukiza, kulikovuma sana tangu Aprili 2020. Mvuke unaweza kufungua pua iliyoziba, sikatai. Lakini haufiki kuua kirusi ndani ya mapafu, na umewababua wengi, hasa watoto waliofunikwa blanketi juu ya sufuria ya maji moto. Ubaya mkubwa zaidi ni muda unaopotea. Familia hufukiza siku nne, tano, huku pumzi ikifupika.

Vivyo hivyo dawa za kuua bakteria zinazouzwa madukani haziui virusi. Tukizitumia ovyo, zitakosa nguvu siku tutakapozihitaji, ikiwamo kwa tauni ikirudi. Na ile dawa ya deksamethasoni, ambayo utafiti wa Uingereza wa Juni 2020 ulionyesha kuwa inapunguza vifo, iliwafaa wagonjwa waliokuwa wakihitaji oksijeni. Kwa ambaye hakuhitaji oksijeni haikuonyesha faida, na kwa mwenye kisukari huweza kupandisha sukari vibaya. Si dawa ya kununua dukani kwa kuambiwa na rafiki.

Kwa viongozi wetu nina ombi dogo. Maimamu na walimu wa madrasa, kabla ya msimu wa baridi, wasome dalili za hatari baada ya Swala ya Ijumaa kama wanavyosoma matangazo mengine. Kila kijiji cha mlimani kijue mapema ni gari la nani litakalombeba mgonjwa usiku, na namba yake iandikwe msikitini na kwenye ofisi ya kijiji. Na halmashauri zetu zihakikishe mitungi ya oksijeni haipo mjini tu, kwani kutoka Mtae au Mlola hadi Lushoto kwa barabara za mvua, mtu asiyepumua vizuri ana safari ndefu mno.

Mwisho, ndugu zangu, baridi itarudi, na msikitini tutasikia tena kikohozi kabla ya takbira. Safari hii anayekohoa asionewe haya akibaki nyumbani, na asionekane dhaifu wa imani. Na simu ikikujia kutoka kijijini kwamba mzee anakohoa, usiseme kama nilivyosema mimi. Uliza maswali mawili tu: "Leo ni siku ya ngapi?" na "Anapumua mara ngapi kwa dakika?"

Tunamuomba Allah awarehemu waliotutangulia, awape shufaa wagonjwa wetu, na atupe ujasiri wa kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Wabillahi tawfiq.